Kioo cha Jumamosi

Msusi tumemsimamisha barabarani wiki nzima, kiganja chake kwenye dirisha la watu, na kusema kweli hatukumtendea haki. Twende tukamwondoe pale.

Kwa aliyemwazima jirani gazeti la wiki jana, habari yenyewe ni fupi. Jumamosi jioni msusi aliacha kichwa cha mteja nusu, akatoka kumtafuta binti yake, ambaye mtaa mzima unamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupoi. Chiriku hakuwepo kwenye benchi la barazani, alikokaa tangu mchana na gauni lake la njano akimsubiri baba. Msusi akavuka barabara hadi kwenye lile duka lililofungwa, lenye dirisha kubwa la tinti, ile inayomrudishia mtu sura yake. Akajiona. Alikuwa hajajiona tangu alipoviondoa vioo vyote nyumbani na saluni, baada ya mtoto kuchanika uso. Akashangaa mvi zimetoka wapi.

Kisha taa ikawaka ndani ya duka. Uso wake ukafutika, na mahali pake ukakaa uso wa mume waliyetengana naye, fundi vioo. Ndiye yule ambaye hakimu alimpa Jumamosi zote za mwaka za kumwona mtoto na hajaja hata moja.

Wakatazamana. Fundi hakupepesa macho.

Taa ikazimika, na msusi akabaki anatazama mvi zake.

Kwa wiki nyingi Chiriku amekuwa akisema, "Mama, baba yumo kwenye kioo cha ng'ambo," na yeye amekuwa akimkanya, kwamba mtoto mwenye adabu hasemi mambo ya namna hiyo. Akishamkanya, usiku yeye mwenyewe analala taa ikiwaka.

Sasa akaanza kulipiga lile dirisha kwa viganja vyote viwili.

"Mama Chiriku, kichwa changu umekiacha kama shamba lililolimwa upande mmoja," sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa Mama Redio. Nusu ya kichwa imesukwa vizuri, nusu imesimama kuelekea mbinguni, na taulo la saluni bado liko mabegani. Hilo jina hakupewa bure. Neno likiingia sikioni mwake saa ya chai, saa ya chakula cha mchana liko sokoni.

"Yumo humu," msusi akasema.

"Nani?"

"Baba yake Chiriku. Nimemwona."

Mama Redio akasogea, akajiona kwenye dirisha, akarekebisha ile nusu iliyosimama. "Humu hamna mtu, mwenzangu. Kuna mpangaji anaweka vitu vyake, haonekani wala hasikiki. Nimeshauliza." Na kama Mama Redio ameuliza akakosa jibu, ujue hata mwenye nyumba halijui.

"Nimemwona kwa macho yangu haya."

Mama Redio akashusha sauti. "Samahani kukuuliza. Amefariki?"

"Hajafariki. Jumatatu tuna kesi."

"Basi ni mzima," Mama Redio akasema, kidogo kwa masikitiko. "Ngoja nikalete ufunguo wa kufuli hili. Mwenye nyumba hawezi kuninyima mimi, namjua vizuri mno." Akaondoka kwa mwendo wa kazi, taulo likipepea.

Msusi hakungoja. Roho mkononi, akazunguka nyuma.

Nyuma ya maduka yale kuna uchochoro wenye midomo miwili, mmoja kila upande, na katikati ni mapipa, maji ya sabuni na kamba za nguo. Kwenye ukuta wa duka palikuwa na kisanduku cha mita, mlango wake ukiwa wazi. Pembeni yake mlango wa nyuma ulikuwa umerudishwa tu. Nyuma ya mapipa kulikuwa na kitu cha njano kimejikunyata kisione wala kisionekane, lakini msusi hakutazama huko. Angetazama, hadithi hii ingekwenda njia nyingine.

Akasukuma mlango, akaingia.

Harufu ya puti ya kubandikia vioo ikampokea. Miaka yote ya ndoa aliifua harufu hiyo kwenye mashati. Ndani mlikuwa na giza la jioni, vipande vya kioo vimepangwa wima kwenye fremu za mbao, kila kimoja na blanketi lake. Katikati, kigoda kimeelekezwa dirishani. Chini ya kigoda, chupa ya chai.

"Rudisha mlango," sauti ikasema kutoka pembeni. "Mtoto akikuona wewe ameniona na mimi."

"Baba Chiriku."

"Naam."

Aliitikia vilevile kama zamani, kama mtu aliyetumwa chumvi akachelewa kidogo. Msusi akajikaza asilie.

"Unafanya nini humu?"

"Leo Jumamosi," fundi akasema.

"Hakimu alisema uje nyumbani. Ubishe hodi, umchukue mtoto, mtembee, umrudishe kabla ya giza. Hakusema ujifungie stoo umchungulie kama mwizi wa kuku."

"Najua alichosema."

"Mtoto anavaa tangu asubuhi. Hataki kula, asije akachafua gauni. Kila wiki namwambia baba ana kazi nyingi. Uongo umeniishia, sasa narudia uleule."

"Namwona," fundi akasema polepole. "Namwona anavyoirudisha sahani. Namwona anavyosinzia pale benchi, unatoka kumbeba, kiatu kimoja kinaanguka, unarudi kukiokota. Unakipangusa kwa khanga kabla ya kuingia nacho."

Msusi akageuka dirishani. Kwa upande ule tinti haikuzuia kitu. Baraza lake lilikuwa pale mbele, benchi pale, mlango wa saluni wazi, hata kitana alichokiacha juu ya kiti kilionekana. Maisha yake yote yalikuwa yametandazwa kama nguo juani, na yeye alikuwa akidhani hakuna anayetazama. Alijisikia kama aliyevuliwa.

"Kumbe mzuka wa mwanangu ni wewe," akasema. "Basi mbona umewasha taa, kama hutaki kuonekana?"

Fundi akatoka pembeni. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota bila mpango. "Sikuwasha mimi."

"Nimeiona inawaka."

"Sikuwasha mimi, Mama Chiriku. Tinti hii inamficha mtu maadamu nje kuna mwanga zaidi kuliko ndani. Jioni ukiwasha taa ndani inageuka, wewe mwenye taa ndiye unayeonekana. Hilo kosa fundi vioo hawezi kulifanya. Swichi ya humu ndani imekufa, balbu imebaki imewashwa moja kwa moja. Kwa hiyo kabla sijaingia naishusha swichi kuu pale nje kwenye mita, kwa mkono wangu huu. Na bado, giza likianza tu, taa inawaka yenyewe. Natoka mbio kuishusha, simkuti mtu. Nimebadilisha waya. Nimesali. Jumamosi ikifika inawaka."

Msusi akaona kuwa hatanii. Barabara moja, ng'ambo mbili, na kila mmoja alikuwa akilala na mzuka wake.

"Kwa nini hukuvuka tu barabara?" akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Ulinikataza."

"Mimi?"

"Hospitalini. Daktari alipokuwa akimshona. Ulinishika shati, ukaniambia, kila atakapokuona wewe, atakiona kile kioo kilichomchana."

Msusi alikumbuka. Alikuwa ameyasahau maneno hayo kwa bidii sana.

"Ulikuwa uchungu ule," akasema.

"Ulikuwa uchungu, na mimi nikauamini. Kwa hakimu niliapa nitakuja. Jumamosi ya kwanza nilifika hadi pale kona. Akatoka na lile gauni, akageuza uso, nikaliona kovu. Miguu ikanigomea. Nikasema nitakuja wiki ijayo. Na wewe unaijua wiki ijayo, haiishi."

"Jumatatu naenda kuomba wakuondolee hata hizo Jumamosi."

"Najua. Nimepata wito."

"Utasema nini?"

"Sitasema kitu."

Msusi akapandwa na hasira. Alikuwa amejiandaa kupigana na mtu, na mtu mwenyewe anampa mgongo. "Baba mzima, unanyang'anywa mtoto, huna la kusema? Huwezi hata kumwambia hakimu kwamba ulikuwa ukija, ingawa kwa wizi?"

"Nikianza kujitetea, hakimu atataka tuanze mwanzo. Atauliza tena habari za kile kioo."

Hapo msusi akarudi hatua moja. Akahisi jasho likimshuka mgongoni, na ndani ya duka lile hakukuwa na joto.

Fundi hakumtazama. Aliyasema maneno yake kuielekea barabara. "Kioo kile nilikiegemeza ukuta wa nyuma wa saluni, juu ya blanketi, nije kukifunga kesho yake. Niliporudi kutoka hospitali kuchukua nguo za mtoto, blanketi lilikuwa palepale ukutani. Na sakafuni kulikuwa na mkwaruzo kutoka kwenye blanketi hadi nyuma ya mlango. Fundi vioo haegemezi kioo mlangoni, Mama Chiriku. Hata anayejifunza siku ya kwanza anajua hilo."

Saluni ilikuwa imejaa siku ile. Wateja wamesimama, hakuna pa kuweka kiti. Msusi alikivuta kioo mwenyewe, kwa nguvu zake, akakisimamisha nyuma ya mlango, akajisemea moyoni kwamba atakirudisha akimaliza kichwa kimoja. Hakumaliza. Chiriku alikuja mbio kutoka shule, akausukuma mlango kama alivyousukuma siku zote, kioo kikatangulia kuanguka na yeye akaangukia juu yake.

Na hakimu alipouliza ni nani aliyeweka kioo nyuma ya mlango, msusi alikuwa bado anatafuta maneno, mumewe akasimama akasema, "Mimi."

"Ulijua," msusi akasema.

"Nilijua siku ileile."

"Ukanyamaza. Ukaniacha nami ninyamaze."

"Mtoto angebaki na wewe. Nilitaka abaki na mzazi asiye na doa."

Wasomaji wangu, mngetegemea msusi amwangukie miguuni amshukuru. Wala. Alimchukia. Alimchukia kwa kumbebea mzigo wake bila kumuuliza, na kwa kumwacha aishi miezi yote hii akidhani amefanikiwa kuuficha. Kisha chuki ikapita na aibu ikakaa, na aibu haikuonyesha dalili ya kuondoka.

Akatafuta pengine pa kutazama. Macho yakatua kwenye mlango wa mbele, ule unaotazama barabara, pembeni ya dirisha. Palikuwa na kitu kipana kimefunikwa blanketi jekundu, kimo chake kinamfika mtu kifuani.

"Kile ni nini?"

"Kioo cha saluni yako." Fundi akaona haya kidogo. "Wateja wako wanajitazama kwenye simu, nawaona. Nimekikata mwenyewe. Kingo sijazisugua bado, nilisema nitamalizia siku nitakayopata moyo wa kukuvushia."

"Umekiegemeza mlangoni."

"Ule si mlango. Una kufuli nje, ufunguo anao mwenye nyumba, tangu nipange haujafunguliwa. Mimi nauhesabu ukuta."

"Hata anayejifunza siku ya kwanza," msusi akasema.

Fundi akakitazama kile kioo upya. Na msusi alikuwa na jambo jingine la kusema, jambo la haraka kuhusu ufunguo, lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Likafia hapohapo, kwa sababu gauni la njano lilitokea mbele ya dirisha.

Chiriku alisimama upande wa pili wa kioo, karibu kiasi kwamba pumzi yake iliacha ukungu. Hakuwaona. Nje bado kulikuwa na mwanga uliobaki, na kwake dirisha lilikuwa kioo cha kujitazama, kioo pekee alichokuwa nacho. Akageuza shavu la kushoto, akageuza la kulia. Akapitisha kidole juu ya kovu, kutoka chini ya jicho hadi pembeni ya mdomo, kama mtu anayefuata mstari alioandikiwa na mwalimu.

Kisha akaanza kuongea, kwa sauti ya kawaida kabisa, na kioo kile hakikuwa kizito cha kuzuia sauti.

"Baba, leo umezima haraka sana. Sijamaliza kukuona."

Fundi akashika ukuta.

"Mama amenipaka mafuta ya lile kopo la bluu. Kovu limepungua, angalia. Zamani nilikuwa nikicheka linanivuta, sasa halivuti." Akacheka kuonyesha. Aliacha haraka. "Mama anasema huji kwa sababu una kazi. Mimi najua huji kwa sababu ya hili. Watoto wa shule pia hawalipendi. Lakini ukija, mimi nitakaa hivi." Akageuka, shavu zima likaelekea dirishani, lenye kovu likaelekea barabarani. "Nitakaa upande huu tu, hutaliona. Hata tukitembea, wewe utakuwa huku na mimi huku."

Msusi aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kando yake alisikia sauti ambayo hajawahi kuisikia kwa mwanaume yule, hata siku ya hospitali.

"Sitaingia, usiogope," Chiriku akaendelea. "Nikiingia utaondoka. Nataka kukuona tu. Subiri hapo, nakwenda kuwasha."

Gauni la njano likatoweka kuelekea uchochoroni.

Wazazi wakatazamana gizani. Yale mawaya aliyobadilisha, zile sala, yote yalikuwa ni mtoto wa darasa la pili anayefikia swichi ya mita kwa kupanda juu ya pipa.

Fundi akakurupuka kuelekea mlango wa nyuma. Kwa mazoea tu, miguu yake ilikuwa imeshazoea kukimbia.

Msusi akasimama mbele yake. "Ukiizima taa hiyo leo," akasema, "Jumatatu usijisumbue kuja. Na mimi sitakuwa na la kumwambia tena mtoto."

"Siwezi, Mama Chiriku."

"Anadhani anakutisha. Umesikia? Mtoto anadhani yeye ndiye anayekutisha wewe."

Taa ikawaka.

Safari hii hakuna aliyeizima. Fundi alisimama chini ya balbu, ndevu zake, shati lake la kazi, uso uliolowa, vyote wazi. Nje hatua zikaja mbio, na Chiriku akatokea tena dirishani. Akamwona baba yake. Akamwona na mama yake pembeni ya baba yake. Alitabasamu, tabasamu likafika nusu, halafu akakumbuka. Akainua mkono akafunika shavu.

Fundi akatikisa kichwa. Akasogea hatua hadi dirishani, na kwa kiganja kilekile kilichoshindwa kubisha hodi, akamwashiria autoe mkono. Chiriku akamtazama. Akautoa mkono kidogo kidogo, kidole kimoja baada ya kingine, na akamwacha baba yake atazame.

Msusi anasema hata leo kwamba dunia ingeishia pale asingelalamika.

"Nilikwambia hawezi kuninyima," sauti ya Mama Redio ikasema nje, ikitweta kwa ushindi. "Chiriku, sogea nifungue. Ala, kumbe mama yako ameshaingia. Na huyo nani? Ee Mungu wangu, ndiye."

Ufunguo uligonga kufuli.

Lile neno lililofia kwenye ncha ya ulimi likamrudia msusi, na halikuwa na faida tena. "Usifungue," alisema, lakini alikuwa amelia sana na sauti ilitoka imekauka, haikufika hata dirishani. Kufuli likalia. Chiriku aliiacha ile picha ya dirishani, akakimbilia mlango, na akausukuma kama alivyosukuma milango siku zote.

Blanketi jekundu likateleza likaanguka. Kioo, kilichokuwa kimegeuziwa uso mlangoni, kikaachana nao, kikasimama wima chenyewe, kikasita, kama kinachotafuta upande.

Fundi alifika kwanza. Alijitupa, akaukamata ukingo wa juu kwa viganja vyote viwili, kioo kikamjia kifuani, akakizuia. Kingo hazikuwa zimesuguliwa. Hakutoa sauti, lakini msusi aliona mabega yake yanavyojikunja, na aliona wekundu unavyotiririka juu ya kioo kutoka vidoleni.

Mlango ukafunguka nusu. Chiriku alikuwa kizingitini.

Mbele yake palikuwa na sura yake, nzima, kwenye kioo cha kweli, kovu na gauni na kila kitu. Juu ya sura hiyo, bila tinti, bila chochote katikati, ulikuwa uso wa baba yake. Baba ambaye kila Jumamosi alikimbia kuonekana, sasa asingeweza kukimbia hata angetaka. Akikisukuma kioo mbele kitamkuta mtoto. Akikiachia kitavunjikia juu yake mwenyewe na kumwagikia kwenye viatu vya Chiriku.

"Chiriku," akasema kwa upole. "Rudi nyuma, mwanangu. Rudi kwa Mama Redio."

"Nikirudi nyuma utaondoka."

"Siondoki."

"Hata kwa hakimu ulisema utakuja."

Fundi akakaza viganja. Chini ya kiganja chake cha kulia ulikuwa umeanza ufa, mwembamba kama unywele, ukishuka katikati ya kioo. Msusi aliuona. Fundi aliusikia, maana mafundi wa vioo huusikia kabla ya kuuona. Chiriku hakuwa na habari nao. Alikuwa anamtazama baba yake tu, na alikuwa amekwisha kuamua.

Akainua mguu kuvuka kizingiti.

Msusi alijua kwamba kumwambia simama hakutasaidia, mtoto yule amesimamishwa miezi yote hii na amechoka. Lilibaki jambo moja tu ambalo Chiriku angesimama kulisikiliza. Na nyuma ya Chiriku, nusu ya nywele zimesukwa na masikio yote mawili wazi, alisimama Mama Redio, ambaye akilisikia leo, kabla ya Jumatatu litakuwa limefika mahakamani kwa miguu yake.

"Chiriku," msusi akasema. "Kile kioo cha kwanza, si baba yako aliyekiweka nyuma ya mlango. Ni mimi."

Mguu wa Chiriku ukabaki hewani. Taratibu akaugeuza uso wake wote, upande mzima na upande wenye kovu, kumtafuta mama yake kwenye mwanga.

Na mikononi mwa fundi, kioo kikalia kwenye ule ufa.